Bangili ya Mzee Ngeleja

Mimi nikiona shaba imeachwa mpaka ikawa nyeusi, mikono inaniwasha. Ndivyo nilivyolelewa. Mama yangu alikuwa anauza samaki Lamadi, na mizani yake ilikuwa na sahani mbili za shaba. Kila Jumamosi jioni alizishusha, akazipaka ukwaju uliolowekwa, akaziacha kidogo, halafu akazisugua kwa majivu mpaka ukiinama unaona meno yako. Alikuwa akisema mteja akikuta sahani chafu anaanza kukuangalia vidole. Kwa hiyo mjue kabisa, nilichomfanyia mama mkwe wangu sikukifanya kwa ubaya.

Mama mkwe anaitwa Nyanjige. Mume wangu, Salvatory, ndiye kitinda mimba wake. Mwezi wa saba tulimfuata kwake Bukundi tukamleta kwetu Bariadi, kwa sababu macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho na madaktari wa macho walikuwa wamekuja mjini kwa wiki mbili tu. Alikuwa anaona mwanga na vivuli, basi. Uji alikuwa anaupata mdomoni kwa kupapasa.

Sisi wawili hatukuwahi kugombana kwa kutoana macho, lakini hatukuwa watu wa kukumbatiana pia. Yeye ni mtu wa ng'ombe, mimi ni mtu wa samaki. Nikirudi sokoni na ndoo yangu ya dagaa, alikuwa anasikia harufu kabla sijafungua geti.

"Mama Kabula, leo umetuletea ziwa zima?"

"Ziwa ndilo linalomsomesha mjukuu wako, mayu," namjibu. Mayu ni mama, kwa Kisukuma. Yeye anacheka kwa pua, mimi naingia jikoni.

Hata hilo jina la Kabula tuliligombania. Binti yangu alizaliwa mwezi wa nane, vumbi limejaa mpaka kwenye maziwa, mbinguni hakuna hata wingu la kuazima. Mama mkwe akaja kutoka Bukundi, akamchukua mtoto, akasema, "Huyu ni Kabula." Jina la mtoto wa mvua! Nikauliza, mayu, hiyo mvua iko wapi? Akasema, "Mwiteni hivyo," akafunga mdomo. Nilinuna wiki nzima. Sasa Kabula ana miaka kumi na sita, yuko bweni huko Maswa, na mimi mtaa mzima unaniita Mama Kabula.

Basi, habari yenyewe ni ya bangili.

Baba mkwe, mzee Ngeleja, alivaa bangili moja ya shaba tangu ujana wake mpaka alipofariki, miaka kumi na moja iliyopita. Wanawe walipoivua, mama mkwe alinyoosha mkono akasema ile ni yake. Akaivaa na hakuivua tena. Upande wa nje ilikuwa na alama tano. Mzee alikuwa na mtindo wake mwenyewe, kila mtoto aliyezaliwa na kupewa jina, alichukua tupa akakata alama moja kwenye shaba. Asubuhi, kabla hajashusha miguu kitandani, mama mkwe alikuwa anapitisha kidole gumba juu ya zile alama, moja baada ya nyingine. "Mayige. Zengo. Mariana. Elina. Salvatory." Nilimsikia kila siku nikiwa nawasha moto, kama mtu anayehesabu ng'ombe wakitoka zizini.

Siku ya upasuaji wa jicho la kwanza tulimkuta nesi mmoja mcheshi, mwenye fomu yenye maswali yote ya dunia. Umri, kijiji, chakula, dawa.

"Na watoto, bibi, umezaa wangapi?"

Mama mkwe akashika bangili kwanza. "Watano."

"Hongera. Sasa hiyo bangili itabidi tuivue."

"Haivuliwi."

"Bibi, chumba kile hakiingii chuma."

"Hii siyo chuma. Hii ni shaba."

Nesi akaniangalia mimi kama vile mimi ndiye niliyemzaa. Ikabidi niombe mafuta ya kupikia kwa mama mmoja aliyekuwa anauguza mtu pale, nikampaka mkononi, na kwa kubembeleza na kuvuta, bangili ikatoka. Mkono wake ulibaki na alama nyeupe pale ilipokuwa, ngozi laini kama ya mtoto. Akaniwekea bangili kiganjani, akavikunja vidole vyangu yeye mwenyewe.

"Itunze."

"Nitaitunza, mayu."

Salvatory akabaki naye, mimi nikarudi nyumbani kupika. Nikaiweka bangili juu ya meza, kwenye mwanga wa dirisha. Jamani! Ilikuwa nyeusi kama chini ya sufuria, na ndani ya zile alama kulikuwa na ukijani wa kutu. Nikawaza, kesho mama huyu anafunguliwa jicho. Miaka mitatu hajaona kitu. Je, akifunguliwa akaiona bangili ya mumewe inang'aa kama siku alipoinunua? Moyo wangu ulijaa. Nilitaka, kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane ya ndoa, mama mkwe aniangalie na kufurahi.

Nililoweka ukwaju kwenye maji ya vuguvugu, nikaukamua, nikaipaka bangili yote na kuiacha mpaka niliposonga ugali. Nikachekecha majivu kwa kitambaa yasibaki na mchanga, maana mchanga unakwaruza. Nikasugua kwa gunzi la mahindi. Weusi ukaanza kutoka, maji yakawa kama ya kuoshea masizi, na chini yake ikajitokeza ile rangi ya njano, changa, yenye joto. Ndani, upande unaogusa ngozi, uchafu ulikuwa umeganda ukoko mnene. Pale nilitumia njiti ya ufagio, nikachokonoa taratibu mpaka kwenye kila kona. Nilimaliza mgongo ukiniuma, nikaifuta kwa kanga, nikaiinua kwenye dirisha. Nilijisifu mwenyewe kwa sauti.

Kesho yake asubuhi daktari alimfungua jicho la kulia. Mama mkwe akapepesa, akapepesa tena. Akamtazama mwanawe.

"Salvatory. Umezeeka."

Tukacheka wote, hata daktari. Halafu akanigeukia mimi, akanikagua kuanzia kichwani mpaka kwenye ndala.

"Kumbe Mama Kabula ni mfupi hivi! Sasa mdomo ule wote unatokea wapi?"

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Na katika furaha hiyo hiyo nikafungua mkoba, nikaitoa bangili, nikamwekea kiganjani.

Aliiangalia. Akaigeuza mara moja. Kicheko kikamtoka usoni.

"Hii ya nani?"

"Ni yako, mayu. Nimeisafisha."

Kidole gumba kikapita juu ya alama, haraka, moja mpaka ya tano. Halafu akaniangalia kwa lile jicho moja, jekundu, lenye maji.

"Umemfanyia nini?"

Hakusema umeifanyia nini. Alisema umemfanyia.

"Ule weusi ulikuwa wake," akasema, polepole. "Jasho lake. Samli aliyojipaka. Moshi wa zizi lake. Hakuniachia picha, Mama Kabula. Aliniachia ule weusi. Umemuosha, ukammwaga na maji machafu."

Salvatory akanivuta pembeni. "Scola, ulimuuliza nani? Hujui kitu alichovaa baba mkwe, mkamwana hakigusi?"

Nilijua. Kwao Bukundi, mke wa mtoto hakalii kiti cha baba mkwe wala hashiki nguo yake. Lakini mimi nilidhani mtu akishafariki mambo hayo yanakwisha, na bangili alikuwa anaivaa mama, siyo yeye. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Mtu wa Lamadi akikuta shaba chafu anaisafisha, hafanyi kikao.

Tulirudi nyumbani. Bangili hakuivaa. Aliiacha kwenye kiti cha bajaji, mimi ndiye niliyeiokota.

Jicho la kushoto lilipangwa Alhamisi, na Ijumaa madaktari walikuwa wanaondoka. Lile la kushoto ndilo lilikuwa bovu zaidi. Daktari alituambia waziwazi kwamba likicheleweshwa, huenda lisirudi tena. Jumanne asubuhi mama mkwe akatangaza kwamba haendi popote.

"Nipelekeni stendi. Jicho moja linatosha kuona njia ya kwangu."

Salvatory alimbembeleza, haikusaidia. Akapiga simu kwa kaka yake Mayige, naye akabembeleza kwenye simu, ikashindikana. Mimi nilimpikia michembe ya viazi vitamu na karanga, chakula anachokipenda kuliko vyote, nikapiga magoti nikamwekea mbele.

"Mwangaluka, mayu. Nimekosa. Naomba unisamehe."

Salamu alijibu, maana salamu hainyimwi. Michembe hakuigusa. Ilikaa pale mpaka ikapoa na kuku wakaanza kuisogelea.

Sijui kama mnaelewa nilivyojisikia. Nilikuwa naosha vyombo nawaza, mama huyu akipofuka jicho lile, ni mikono yangu hii. Siyo ugonjwa, siyo uzee, ni mimi na gunzi langu. Nilikuwa nalia ndani ya moshi ili watu wadhani ni kuni.

Jumatano alikuwa amefunga kimfuko chake kwa kamba na kukaa nacho mlangoni. Salvatory alikuwa ameshindwa, amekwenda stendi kuulizia gari la asubuhi. Nikatoka na ndoo, nikamkuta amegeukia barabarani, mgongo umenielekea mimi. Na hapo, sitaficha, hasira zangu zikanipanda. Nilikuwa nimeomba msamaha siku mbili, magoti yanauma.

"Basi, mayu!" nikasema. Niliitua ndoo chini maji yakaruka. "Nimekosa, nimekosa, nimekosa! Kama ni weusi, siwezi kuurudisha. Lakini sikukuibia kitu! Sikukata, sikupunguza. Chukua uhesabu mwenyewe, alama zako zote sita zipo!"

Hakugeuka. "Tano," akasema.

"Sita!"

"Mama Kabula. Watoto wangu nawajua."

"Na mimi kuhesabu najua, nauza dagaa kwa sado! Nilizisafisha moja moja kwa njiti. Tano nje, moja ndani. Sita!"

Pikipiki ikapita barabarani, vumbi likatulia. Mama mkwe akageuza kichwa.

"Ndani wapi?"

Nikaingia nikaileta bangili. Nilikuwa bado nahema kwa hasira, sikuelewa kitu. Akaipokea, akaingiza kidole gumba upande wa ndani, akaanza kukizungusha taratibu kwenye shaba. Kikafika pale, kikasimama. Kikarudi nyuma, kikaenda mbele tena. Akaiinua bangili mpaka kwenye lile jicho jipya, akaielekeza juani.

"Hii niliikuta humo, mayu," nikasema, sauti imenishuka. "Ilikuwa imejaa ukoko. Imekatwa kwa tupa kama zile nyingine, ila ndogo. Nilidhani unaijua."

"Hapana," akasema. "Siijui."

Nikaketi chini pembeni yake.

"Kati ya Zengo na Mariana," akasema mwishowe, "kuna mwingine. Msichana. Aliishi siku nne. Ulikuwa mwaka wa njaa, sikuwa na maziwa. Hakuwa amepewa jina. Wakubwa wa nyumba wakasema asiyepewa jina hahesabiwi. Wakasema usilie, utawafunga watoto watakaokuja. Wakamzika nyuma ya nyumba, bibi zake wawili tu wakiwepo."

"Na baba?"

"Baba?" Akacheka kidogo, kicheko kibaya. "Baba yenu alifungua zizi akapeleka ng'ombe malishoni. Siku ileile. Akarudi jioni, akala, akalala. Hakusema hata neno moja. Siyo siku ile, siyo siku nyingine yoyote mpaka anakufa. Mama Kabula, nilikaa na mwanaume yule miaka arobaini baada ya hapo. Nikampikia, nikamzalia Mariana, Elina, Salvatory. Kila alipokata alama mpya nilimtazama nikasema moyoni, wewe huna huruma, wewe umemruka mwanangu. Nilimzika nikiwa na kinyongo hicho. Nilichukua bangili yake nikaivaa nikiwa nacho."

Kidole chake kilikuwa bado ndani ya bangili.

"Kumbe alikuwa amemvaa," akasema. "Upande wa ngozi."

Na hapo akalia. Sijawahi kumwona mama mkwe wangu analia, hata msibani kwa mzee hakulia. Nilikumbuka daktari alisema jicho lisilowe maji, nikaanza kumfuta kwa upande wa kanga yangu, na mimi mwenyewe nalia, tunafutana pale mlangoni kama watu wawili waliochanganyikiwa. Jirani mmoja alichungulia juu ya ua, nikamwambia apite na yake.

Alipotulia nikamuuliza, "Na wewe hukumpa jina hata moyoni?"

"Nilimpa. Mvua ya mwaka ule ilinyesha siku moja tu, usiku alipozaliwa. Asubuhi ardhi ilikuwa inanukia."

"Ulimwita nani?"

Akaniangalia kwa lile jicho, jinsi unavyomwangalia mtu mzito wa kuelewa.

"Sasa mimi miaka yote hii nakuita nani?"

Mama Kabula, leo umetuletea ziwa zima. Mama Kabula, chumvi imezidi. Mama Kabula, mfunge mtoto kofia. Miaka kumi na sita alikuwa analitaja jina la mwanawe mchana kweupe mbele ya watu, na mimi nilikuwa nadhani ananisumbua tu. Nikakumbuka nilivyonuna wiki nzima kwa ajili ya mvua. Niliona aibu, na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

"Nilete tena michembe?" nikauliza.

"Lete. Na majivu."

"Majivu?"

"Hapa umeacha weusi." Akanionyesha ukingo wa ndani, mstari mwembamba kama uzi. "Unajisifu kusafisha, kumbe jicho lako nalo linahitaji daktari."

Nikaleta majivu, ukwaju, na gunzi jipya. Yeye alishika bangili, mimi nikasugua. Halafu akaninyang'anya gunzi, akasugua mwenyewe, akitafuna michembe, akiniambia pale mahali siyo pa kukandamiza, ni pa kupitia kidogo kidogo. Salvatory alirudi kutoka stendi akatukuta hivyo, vichwa vimegusana juu ya beseni. Akafungua mdomo. Mama yake akamwambia gari la Bukundi lisubiri, ana shughuli Alhamisi. Mtoto wa watu akatutazama sisi wawili, akaenda kujimiminia maji.

"Usimwambie kwanza," mama mkwe akaninong'oneza. "Nitawaambia mwenyewe, wote wakiwepo."

Alhamisi asubuhi alipoamka nilikuwa nawasha moto. Nikasikiliza. "Mayige. Zengo." Akanyamaza kidogo, na nikajua kidole kimeingia ndani. "Kabula. Mariana. Elina. Salvatory." Nilipuliza moto ule mpaka majivu yakanijaa usoni.

Hospitali tulimkuta nesi yuleyule. Safari hii mama mkwe hakungoja kuambiwa. Aliivua bangili mwenyewe. Mimi nikafungua mkoba kuipokea.

"Siyo mkobani," akasema. "Vaa."

"Mayu, mimi ni mkamwana. Kitu cha baba mkwe..."

"Umeshamuosha, utashindwa kumbeba? Lete mkono."

Akanivalisha mbele ya mwanawe. Salvatory alinitazama mkononi, akamtazama mama yake. Shaba ilikuwa na joto la mkono wake, na upande wa ndani nilihisi kile kijialama kinanigusa kwenye mshipa.

Nesi akafungua faili, akaanza tena maswali yake. "Bibi, leo tunamalizia. Umri ni uleule, kijiji Bukundi, watoto watano..."

"Sita," mama mkwe akasema.

"Mama, ni wata—" Salvatory akaanza, na mimi nikamkanyaga mguu, na nilimkanyaga kweli.

Nesi akainua kalamu. "Juzi niliandika watano, bibi. Nilikosea?"

"Hapana, ng'wanone. Mimi ndiye niliyekosea," akasema mama mkwe. "Andika sita."

Nesi akakata ile tano, akaandika sita.